Machame Ilichorwa, Lakini Ukuta Uko Wapi?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya picha. Sina maana ya picha za kamera, wala zile za kwenye kalenda za maduka. Nazungumzia picha zilizochorwa kwa mkono na rangi, na hasa picha moja ambayo wengi wetu hatujapata kuiona kwa macho, ingawa inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu wanaoitunza.

Picha hiyo iko New York, Marekani, katika Jumba la Sanaa ya Kisasa, jumba lile lile linalohifadhi kazi za Picasso na Matisse. Jina lake, tukilitia katika Kiswahili, ni "Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku". Ilichorwa kwa rangi za mafuta mwaka 1956, na jumba hilo liliipata mwaka 1960, wakati ambapo lilikuwa na kazi chache mno za Waafrika walio hai. Aliyeichora ni Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro.

Mtu wa Machame akisikia "pombe ya ndizi" atacheka, maana yeye anaijua kwa jina lake: mbege. Kwa faida ya wasikilizaji wa pwani na wa bara nyingine, mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zinazopikwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, kisha maji yake huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Gome la msesewe hutiwa ili kuleta uchungu. Mbege si kinywaji cha kulewea tu. Kwa desturi ya Wachagga, hakuna posa, hakuna suluhu ya ugomvi wala mgawanyo wa kihamba uliokamilika bila mbege. Wanaume wanaoibeba usiku kwenda kwa bibi harusi wamebeba mkataba wa koo mbili. Ndicho alichokichora Ntiro, na ndicho kilichovuka bahari.

Swali langu la leo ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu. Mtoto wa Nkwarungo, au wa Lyamungo, anayesoma darasa la sita na anapenda kuchora, akitaka kuiona picha ile afanye nini? Apande ndege? Na kama hawezi kuiona hiyo, picha gani nyingine ya nyumbani kwake anaweza kuiona, imetundikwa ukutani, na chini yake limeandikwa jina la aliyeichora? Kabla ya kujibu, turudi nyuma kidogo katika historia.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923. Wakati huo Machame ilikuwa imeishi na misheni kwa miaka thelathini, kwa kuwa wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika huko mwaka 1893. Shule zilikuwepo, kanisa lilikuwepo, na kahawa ilikuwa imeanza kuingia katika vihamba. Picha zilizokuja na misheni zilikuwa za habari za Biblia, zenye watu weupe na milima ya kigeni. Mtoto wa Machame aliyezitazama alijifunza mambo mengi, lakini hakumwona mtu wa nyumbani kwake ndani yake.

Isije ikadhaniwa kwamba kabla ya hapo watu wa mlimani hawakujua alama. Wazee walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama mfululizo, ambayo ilitumika kuwafundishia vijana wakati wa jando. Kila alama ilikuwa na fundisho lake juu ya mwili, uzazi na wajibu wa mtu katika ukoo. Mwalimu alifuata alama moja baada ya nyingine, na kijana alilazimika kukumbuka. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliyakusanya mafundisho hayo kwa subira kubwa, na katika miaka ya 1930 yalitoka katika vitabu vitatu vinene. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kijerumani. Angalieni jambo hilo, maana tutalikuta tena: kitu kinatoka mlimani, kinahifadhiwa vizuri sana, lakini kinahifadhiwa mahali ambapo mwenyewe hawezi kukifikia.

Katika miaka ya 1940 Ntiro alikwenda kusoma Makerere, Uganda. Wakati huo Makerere ndipo mahali ambapo vijana wachache wa Tanganyika, Kenya na Uganda walipata elimu ya juu. Huko kulikuwa na mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, mke wa daktari, ambaye mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji barazani kwake, na darasa lile likakua hadi kuwa shule kamili ya sanaa. Bibi Trowell alikuwa na njia yake. Hakuwawekea wanafunzi picha za Ulaya na kuwaambia wanakili. Aliwasimulia tukio kwa maneno, wao wakaliona akilini, kisha wakachora walichokiona. Aliwahimiza wachore vijiji vyao, sala zao na masimulizi yao.

Njia hiyo inaweza kulaumiwa. Wapo waliosema baadaye kwamba iliwanyima vijana wa Kiafrika mafunzo ya mkono ambayo wenzao wa Ulaya waliyapata, kama vile kuchora umbo la mwili wa binadamu na kupima umbali wa vitu. Lawama hiyo ina uzito. Lakini kwa Ntiro ilifungua mlango. Kijana aliyetoka Machame aliambiwa kwamba migomba ya kwao inastahili kuchorwa, naye akaichora maisha yake yote.

Baada ya masomo alibaki Makerere kama mwalimu. Katika miaka ya 1950 alikwenda London katika shule ya sanaa ya Slade, mojawapo ya shule zenye jina kubwa nchini Uingereza. Huko alikutana na kila mtindo uliokuwa ukivuma. Angeweza kurudi na mtindo wa Paris au wa London, na wengi wangempigia makofi. Hakufanya hivyo. Alikuwa Kampala, alikuwa London, lakini rangi zake ziliendelea kuonyesha miteremko ya Kilimanjaro, migomba iliyosongamana, watu wakienda sokoni, watu wakilima, watu wakisherehekea. Hata alipochora habari za Injili, aliziweka katika nchi ya kijani.

Picha za Ntiro zina tabia zake. Watu ndani yake ni wadogo, nao ni wengi. Mara chache utamwona mtu mmoja akisimama mbele kama mkubwa. Nyuso hazitofautishwi sana. Kazi inafanywa na kundi zima, na nchi yenyewe, yaani milima, njia na migomba, imewazunguka kama mama anavyomfunika mtoto kwa kanga. Yeyote aliyepata kushiriki kazi ya kuzibua mfongo, ile mifereji ya kale inayoleta maji kutoka mtoni hadi vihambani, ataelewa mara moja. Mfongo haujui mheshimiwa. Siku ya kuzibua, kila mwenye zamu anatoka na jembe.

Kuna waliomlaumu Ntiro pia kwamba picha zake hazibadiliki na kwamba zinaisifu mno dunia ya zamani. Katika miaka ya 1950 Machame ilikwisha kuwa na mabati, malori ya kahawa, hospitali na watoto wenye viatu, lakini katika nyingi ya picha zake hayo hayaonekani. Mimi naona lawama hiyo ni ya kweli nusu. Ni kweli kwamba aliacha mengi. Lakini mtu anayechora nyumbani kwao akiwa mbali huchora kile anachohofia kitapotea. Mabati hayakuwa na haja ya kukumbukwa, kwa kuwa yalikuwa yanakuja. Usiku wa kupeleka mbege ndio uliokuwa unaondoka.

Ushahidi wa nia yake uko katika kitabu. Mwaka 1953 Ntiro alitoa kitabu kidogo kwa Kiswahili kiitwacho "Desturi za Wachagga", kilichochapishwa Nairobi. Kwa hiyo tunaye mtu aliyefanya kazi moja kwa mikono miwili: mkono mmoja uliandika desturi, mwingine ulizichora. Hakuwa peke yake katika kuandika. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle naye aliandika juu ya maisha ya Mchagga hapa duniani na ahera. Kilikuwa kizazi kilichojua kwamba kinasimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, na kiliona vema kuandika orodha ya vilivyomo ndani kabla ya kutoka.

Uhuru ulipokuja Desemba 1961, Tanganyika ilimpeleka mchoraji huyu London kuwa Balozi wake, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1964. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza kwamba nchi isiyokuwa na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho ya kuwafanya taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ntiro mwenyewe alikabidhiwa uongozi wa mambo ya utamaduni serikalini, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki dunia mwaka 1993.

Basi huyo ni mtu aliyekuwa mwalimu, balozi, kiongozi wa utamaduni na mchoraji ambaye kazi yake imehifadhiwa New York. Kama angekuwa mwanariadha, kila mtoto wa Hai angelijua jina lake. Waulizeni watoto mtaani kwenu leo, nanyi mtapata jibu wenyewe.

Sasa tuvuke upande wa mashariki wa mlima, twende Marangu, maana huko ndiko lilikofanyika jaribio ambalo linatupa somo kubwa zaidi.

Mwaka 1932 alizaliwa Marangu Elimo Njau. Naye alipita Makerere mikononi mwa Bibi Trowell, wakati Ntiro alikwisha kuwa mwalimu katika shule hiyo. Mwaka 1959 Njau alichora picha kubwa tano katika kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, nchini Kenya, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Katika picha hizo Kristo anazaliwa, anabatizwa, anakula na wanafunzi wake, anasali bustanini na kusulubiwa, na yote yanatokea katika vilima vya Murang'a, kati ya watu weusi. Ile picha ya misheni yenye watu wa kigeni ilijibiwa, tena katika ukuta wa kanisa lenyewe.

Njau alikuwa mkali sana dhidi ya kuigaiga. Kwake yeye, kunakili kazi ya mwingine kulikuwa sawa na kumlaza Mungu usingizi. Alifundisha watoto kuchora alipokuwa Kampala, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: alifungua nyumba ya maonyesho ya sanaa nyumbani kwao Marangu, akaiita kwa jina la Kibo. Fikirieni jambo hilo. Miji mingi ya Afrika Mashariki wakati huo haikuwa na nyumba ya namna hiyo iliyoendeshwa na Waafrika wenyewe. Nyumba hii ilikuwa kijijini, kati ya migomba, mahali ambapo mtu anayetoka kukata majani ya ng'ombe angeweza kuingia na kutazama picha.

Mwaka 1965 Njau pamoja na mkewe wa wakati huo, mwandishi Rebeka Njau, na marafiki kadhaa, miongoni mwao Hilary Ng'weno na Jonathan Kariara, walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Jina hilo ni mchezo wa Kiswahili: mnyama paa anapaa juu. Paa ya Paa ikawa mahali pa wachoraji, washairi, waigizaji na wachonga vinyago. Mwanzoni ilikuwa katikati ya jiji, kisha ikahamia nje kidogo, Ridgeways. Mwaka 1997 moto uliiteketeza, na kazi nyingi zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka thelathini zikaungua. Njau na mke wake wa pili, Phillda, walianza tena kuijenga.

Kwa nini nayaeleza haya ya Nairobi ilhali tunazungumza juu ya Machame? Kwa sababu yanaonyesha udhaifu wa jambo zima. Nyumba ya Marangu ilisimama juu ya mabega ya mtu mmoja, na mtu huyo sehemu kubwa ya maisha yake aliishi na kufanya kazi Nairobi. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Na pale Nairobi, moto wa mara moja ulitosha kuteketeza kazi za kizazi kizima kwa kuwa zilikuwa chini ya paa moja. Sanaa yetu imewategemea mno mashujaa. Shujaa huchoka, huhama, huzeeka na hufa.

Hapa nataka kuwakumbusha watu wa Kilimanjaro jambo wanalolijua kuliko mimi. Kahawa haikusimama juu ya shujaa mmoja. Walowezi wa Kizungu hawakupenda Waafrika walime kahawa, nao walijaribu kuzuia. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, chini ya viongozi kama Joseph Merinyo, ili kulinda mibuni yao. Mwaka 1933 chama hicho kilifuatwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya vijiji. KNCU ilipata misukosuko mingi. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini, na mwaka 1984 vikarudi. Mangi alikwenda, mkoloni alikwenda, mameneja walikuja na kwenda, lakini ushirika ulirudi, kwa sababu mazoea ya kukaa pamoja, kuweka daftari na kugawana yalikuwa yamekwisha ingia katika damu.

Jambo hilo hilo lilitokea katika sanaa, ila si mlimani. Edward Saidi Tingatinga, kijana kutoka Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia vipande vya ubao wa mraba na rangi ya kupakia baiskeli. Hakusomea Makerere wala Slade. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani wanafukuza wezi. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Kama sanaa yake ingekuwa ya mtu mmoja, ingeishia pale kaburini. Lakini alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa zake. Waliendelea kuketi pamoja chini ya miti na kuuza pamoja, na mwaka 1990 walikuwa na chama cha ushirika kilichoandikishwa. Leo jina la Tingatinga linajulikana hadi Ulaya na Japani.

Linganisheni basi. Ntiro alikuwa na shule, cheo na jina. Tingatinga alikuwa na rangi ya baiskeli na wanafunzi. Mlima ulimtoa Ntiro, na baada yake hakuna mtindo wa Machame unaouzwa au kufundishwa kwa jina hilo. Tunduru ilimtoa Tingatinga, na mtindo wake unalisha familia nyingi. Ninapima si ubora wa picha bali ubora wa mpango. Mmoja aliacha kazi, mwingine aliacha kundi.

Najua hoja itakayotolewa, maana nimeisikia mara nyingi. Mtu atasema: "Bwana, picha si chakula. Kihamba kimekuwa kidogo, vijana wamekimbilia mjini, bei ya kahawa haitabiriki. Wewe unatuletea habari za kuchora!" Hoja hiyo siidharau. Lakini nauliza: mbege ile ya usiku ilikuwa chakula? Mregho ulikuwa chakula? Wazee wetu walikuwa na shida kuliko sisi, na bado walitenga muda wa kuchonga alama katika fimbo, kwa kuwa walijua kwamba kijana asiyejua alama za kwao atachongwa na watu wengine.

Tena tayari anachongwa. Nendeni kwenye vibanda vya wageni njiani kwenda mlimani. Mtakuta picha za twiga chini ya Kibo, Mmasai na mkuki, jua linatua. Siwalaumu vijana wanaozichora, kwa kuwa wanatafuta riziki. Lakini mengi ya hayo ni picha ya mlima kama mtalii anavyoutaka. Ni nani katika picha hizo anabeba mbege? Ni nani anazibua mfongo? Yuko wapi mama anayerudi kutoka sokoni na mkungu kichwani? Ntiro aliwachora watu hao kwa wingi, kisha tukawafukuza kwenye picha.

Basi nina pendekezo, nalo si kubwa. Sisemi serikali ijenge jumba. Tumezoea kusubiri majumba. Nasema kijiji, au usharika, au shule, ianze klabu ya sanaa, na klabu hiyo ianze na ukuta mmoja. Ukuta wa darasa unatosha. Ukuta wa ukumbi wa usharika unatosha. Ghala la chama cha msingi, wakati si msimu wa kahawa, linatosha kabisa.

Katika ukuta huo klabu iweke kwanza nakala nzuri za picha za Ntiro na za Njau, na chini yake jina, mwaka na mahali picha halisi ilipo. Mtoto ajue kwamba mtu wa Machame alichora hiki mwaka 1956, na watu wa New York wanakitunza. Halafu klabu iwape watoto karatasi na rangi, na iwaambie kama Bibi Trowell alivyowaambia wa kwake: fumba macho, kumbuka, chora. Siyo twiga. Chora bibi yako anavyokoroga mbege. Chora foleni ya kupimisha kahawa. Chora basi la Moshi lililojaa. Ndiyo, na mabati pia, yale ambayo Ntiro aliyaacha.

Jambo la pili ni daftari. Kila picha inayotundikwa iandikwe: nani kaichora, lini, anaonyesha nini. Daftari ndilo lililoiokoa kahawa, na ndilo litakaloiokoa sanaa. Kazi nyingi za wachoraji wetu zimepotea bila moto wowote, kwa sababu tu hakuna aliyeandika ziko kwa nani.

Jambo la tatu ni zamu. Klabu isiwe ya mwalimu mmoja hodari, ambaye akihamishwa kila kitu kinakufa. Wapo walimu waliosomea sanaa katika chuo cha Butimba, Mwanza, nao wana msaada mkubwa, lakini funguo za chumba zishikwe na kamati, kwa zamu, kama maji ya mfongo. Anayelala zamu yake atozwe faini, kama ilivyo desturi.

Na la mwisho linawahusu ninyi mnaosoma maneno haya gazetini, mjini Moshi, Arusha au Dar es Salaam. Kila Desemba barabara ya kwenda Kilimanjaro hujaa magari. Mnarudi nyumbani kwa Krismasi na kreti za soda, mchele na nguo mpya za watoto. Ni wakati ambapo mlima una watu wengi, wenye fedha kidogo na wenye hamu ya kuona nyumbani. Hakuna wakati mzuri zaidi wa kufanya onyesho. Siku mbili tu baada ya sikukuu, watoto watundike picha zao, wazee waalikwe wazieleze, na kila mgeni atakayependa picha ainunue kwa bei halali, nusu ya mtoto na nusu ya klabu. Mwaka wa kwanza zitauzwa tano. Haidhuru. KNPA nayo haikuanza na magunia elfu.

Ndugu wasikilizaji, sidai kwamba picha ile irudishwe kutoka New York. Ilipatikana kwa njia ya halali, inatunzwa vizuri, na huko inawaambia wageni kwamba Machame ipo. Ninachodai ni kwamba isiwe ndiyo picha ya mwisho. Sam Ntiro alitumia maisha yake kuonyesha kwamba kijiji chake kinastahili kutazamwa, naye alitazamwa na dunia. Zamu ya kutazama sasa ni yetu, na inahitaji misumari minne, ukuta mmoja na kamati yenye daftari.